Nani wa kubanwa ili KDF warudi kutoka Somalia: Rais, Bunge au Umoja wa Afrika?

#1 Kifungu kwa Kifungu

Wakuu, salamu.

KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, walivuka mpaka kuingia Somalia 16 Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi. Tangu hapo Kenya imefanya chaguzi kuu tatu, yaani 2013, 2017 na 2022. AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika huko Somalia ambayo KDF walijiunga nayo, ikageuka ATMIS tarehe 1 Aprili 2022, ATMIS ikageuka AUSSOM Januari 2025. Majina yanabadilika, askari wetu wako kulekule.

Dai langu ni hili: Katiba ya 2010 ina mlango wa kuingilia vitani lakini haina wa kutokea. Kifungu 240(8) kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Hakisemi idhini inadumu muda gani, nani wa kuipitia upya, wala nani wa kuifuta. Kwa hiyo mwananchi anayetaka askari warudi hajui agonge kwa nani. Mbunge anasema ni kazi ya Rais, Rais anasema ni ratiba ya Umoja wa Afrika, Umoja wa Afrika unasubiri azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Wenye kujua sheria, bajeti na taratibu za Bunge, leteni hoja. Nani hasa wa kubanwa, na kwa chombo gani?

#2 Dira ya Kusini

Jibu ni fupi. Kifungu 131 kinamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, na Baraza la Usalama wa Taifa linaongozwa na yeye. Akitaka warudi kesho, hakuna idhini ya Bunge inayohitajika kurudisha askari nyumbani. Bunge liliidhinisha kuingia mwaka 2011, kazi yake ikaisha pale. Mbaneni Rais kwenye kura.

#3 Bint Hansadi

@Dira ya Kusini, kuna marekebisho mawili.

La kwanza, Bunge halikuidhinisha kuingia. Askari walivuka Oktoba baada ya tangazo la mawaziri wawili, George Saitoti wa Usalama wa Ndani na Yusuf Haji wa Ulinzi. Serikali ikauandikia Umoja wa Mataifa ikitaja haki ya kujilinda, Kifungu 51 cha Mkataba wa umoja huo. Kilichofika Bungeni Desemba 2011 ni suala la KDF kujiunga na AMISOM, wakati askari walikuwa tayari ndani ya Somalia. Azimio 2036 la Umoja wa Mataifa likaja Februari 2012 na kupandisha kikomo cha AMISOM kutoka 12,000 hadi 17,731, ndipo wa kwetu wakapata nafasi kwenye hesabu hiyo.

La pili, watu wengi wanataja Kifungu 95(6) cha Bunge la Taifa kuidhinisha matangazo ya vita, na 132(4) cha Rais kutangaza vita kwa idhini ya Bunge, kana kwamba vilivunjwa mwaka 2011. Someni Jedwali la Sita la Katiba, lenye masharti ya mpito. Sura ya Nane na Vifungu 129 hadi 155, isipokuwa yanayohusu uchaguzi, vilisimamishwa mpaka matokeo ya uchaguzi wa kwanza, na uchaguzi huo ukawa Machi 2013. Sura ya Kumi na Nne, ambamo 240 imo, haikusimamishwa. Anayetaka kujenga hoja kuhusu 2011 aijenge juu ya 240 peke yake, la sivyo wakili wa serikali atamwangusha kwenye aya ya kwanza.

#4 Mtu wa Galari

Bint Hansadi akishafika Jedwali la Sita ujue uzi huu utafika kurasa kumi. Endelea dada, tunasoma.

#5 Mhasibu wa Umma

Nyote mnatafuta jibu kwenye Katiba. Litafuteni kwenye pesa.

Askari akiwa chini ya AMISOM, posho yake ililipwa na Umoja wa Ulaya kupitia Umoja wa Afrika: dola 1,028 kwa mwezi kwa kichwa. Januari 2016 Ulaya ikakata asilimia 20, ikashuka hadi dola 822. Chakula, mafuta na uokoaji wa majeruhi vinabebwa na ofisi ya msaada ya Umoja wa Mataifa, UNSOS. Mshahara wa kawaida unabaki kwa Wizara ya Ulinzi, na huo ungelipwa hata askari akiwa kambini Nanyuki.

Matokeo yake ni kwamba gharama ya ziada ya vita haionekani kwenye makadirio ya bajeti. Mbunge akifungua fungu la Wizara ya Ulinzi hakuti mstari ulioandikwa "Somalia". Huwezi kumbana mtu kwa matumizi ambayo hayapo kwenye karatasi yake.

Kwa sasa hali ni tofauti kidogo. Azimio 2719 la Desemba 2023 linaruhusu hadi asilimia 75 ya gharama za misheni za Umoja wa Afrika kutoka michango ya lazima ya wanachama wa Umoja wa Mataifa, lakini Marekani ilikataa litumike kwa Somalia, na AUSSOM ikaanza bila fedha za uhakika. Nchi inayopeleka askari ikianza kulipa mwenyewe, hapo ndipo swali litaingia Kamati ya Bajeti.

#6 Mlinzi wa Pwani

Naheshimu michango, ila naona mmeruka swali la msingi. Kuwajibika si lazima kumaanishe kuondoka. Kismayo ilichukuliwa kutoka kwa al-Shabaab Septemba na Oktoba 2012 kwa sababu bandari ile ilikuwa inawalisha kwa mkaa na ushuru. Ukiondoa askari bila jeshi la Somalia au la Jubaland kushika kambi, unairudisha.

Ratiba ya ATMIS ni somo tosha. Askari 2,000 walipaswa kuondoka kufikia Desemba 2022, wakaondoka Juni 2023. Wengine 3,000 walipaswa kuondoka Septemba 2023, na Somalia yenyewe ikaomba kusogezewa miezi mitatu. Aliyeomba muda hakuwa Rais wa Kenya. Kila kambi inayokabidhiwa inahitaji kikosi cha kuipokea, silaha nzito, barabara ya kuifikia na mtu wa kuilipia mafuta. Kambi isiyopata mpokeaji hufungwa na kubomolewa, na adui huingia eneo hilo wiki hiyohiyo.

Mnaotaka warudi, semeni wanarudi kwa mpangilio gani.

#7 Kifungu kwa Kifungu

@Mlinzi wa Pwani, hoja nzito. Ila naomba uangalie upande wa pili. Shambulio la al-Shabaab pale Westgate, Nairobi, Septemba 2013 liliua watu 67, Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015 kikapoteza 148. Waliopinga vita wakasema tuondoke, waliounga mkono wakasema tuongeze. Bunge halikuwahi kulazimika kupiga kura ya kuchagua kati ya hizo mbili kwa tarehe maalumu. Mimi nataka kura hiyo, iwe ya kubaki au ya kuondoka.

#8 Msomi wa Bara

Nachangia kutoka Tanzania. Ibara ya 44 ya Katiba yetu inampa Rais kutangaza hali ya vita, kisha Spika anaitisha Bunge ndani ya siku 14 kuamua kupitisha au kutopitisha azimio la kuunga mkono. Lakini askari waliokwenda Kongo chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hawakwenda kwa tangazo la vita, kwa hiyo ibara hiyo haikuwagusa. Hili ni tatizo la nchi nyingi: vita vya siku hizi havitangazwi, vinaitwa misheni.

Afrika Kusini wana utaratibu mzuri zaidi kwenye karatasi. Kifungu 201 cha Katiba yao kinamtaka Rais aliarifu Bunge bila kuchelewa na ataje mambo manne: sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Barua ya Rais Ramaphosa kuhusu Kongo ilitaja askari 2,900, gharama ya zaidi ya randi bilioni 2, na mwisho wa tarehe 15 Desemba 2024. Tarehe ilipofika wakaongeza. Januari 2025 wakauawa askari 14 wa Afrika Kusini karibu na Sake na Goma, na tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC wakafunga misheni. Kwa hiyo hata barua yenye tarehe haikuwarudisha. Kilichowarudisha ni majeneza na mkutano wa wakuu wa nchi.

#9 Dira ya Kusini

Asante Msomi. Hapo umenisaidia mimi: uamuzi ni wa marais, Bunge linapelekewa barua tu.

#10 Bint Hansadi

Hapana, hapo amekusaidia kuona kasoro. Barua ya kuarifu si idhini. Kenya tunayo idhini, ambayo ina nguvu zaidi, ila tunaitoa bila masharti. Uganda walifanya kosa la aina hiyo Sudan Kusini: jeshi liliingia Desemba 2013, Bunge likaombwa kubariki 14 Januari 2014 askari wakiwa tayari mjini Juba. Mbunge gani atapiga kura ya hapana wakati kijana wa jimbo lake yuko uwanja wa mapambano? Idhini ya baada ya tukio haina meno, haijalishi Katiba imeandika nini.

#11 Karani Mstaafu

Ngoja niweke mfano unaofanya kazi, kisha namna ya kuuleta kwetu.

Ujerumani ina sheria ya 2005 ya ushiriki wa Bunge katika kupeleka majeshi nje. Serikali ikiomba idhini lazima ombi litaje: jukumu lenyewe, eneo la operesheni, msingi wa kisheria, idadi ya juu kabisa ya askari, uwezo watakaobeba, muda uliopangwa, na gharama pamoja na mahali fedha zitakapotoka. Kwa desturi muda ni miezi 12 au chini ya hapo, hivyo serikali hurudi kila mwaka kuomba tena. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinasema Bunge linaweza kuondoa idhini yake wakati wowote. Huo ndio mlango anaoutafuta mwenye uzi.

Kuuleta Kenya kuna njia tatu na kila moja ina mahali inapokwama.

Hoja ya mbunge binafsi ndiyo nyepesi. Mbunge anaandika azimio, Spika analikubali, linajadiliwa, linapitishwa. Ubaya wake ni kwamba azimio la aina hiyo lina uzito wa kisiasa tu. Wizara inaweza kulipokea na kuliweka kabatini. Pia hoja nyingi hufa kwa kukosa nafasi kwenye ratiba ya kikao.

Mswada wa kurekebisha Sheria ya KDF ya 2012, ukiweka ukomo wa miezi 12 kwa kila idhini ya 240(8), ndio wenye nguvu. Hapa kuna vikwazo viwili. Ukigusa fedha za umma, Kifungu 114 kinaurudisha kwa kamati husika na maoni ya Waziri wa Fedha. Na Rais akiurudisha Bungeni chini ya Kifungu 115, kumshinda kunahitaji theluthi mbili. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika, kwa hiyo ni kura 233. Hesabuni wenyewe muungano gani unazo.

Ya tatu ni kuweka masharti ndani ya idhini yenyewe. Serikali ikija na ombi jipya, kamati inaandika kwenye ripoti: idhini hii inaisha tarehe fulani, kwa idadi isiyozidi kadhaa, na ripoti iletwe kila miezi mitatu. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji kamati yenye uti wa mgongo siku moja tu.

#12 Mhasibu wa Umma

Njia ya nne mmeisahau: mfuko. Makadirio hufika Bungeni kufikia 30 Aprili na sheria ya matumizi hupita kabla ya 30 Juni. Katikati ya hapo kamati husikiliza wananchi. Anayetaka hoja yake isikike alete maandishi wakati huo, ataje fungu na kiasi, asilete hotuba.

Lakini angalieni Kifungu 223. Serikali inaweza kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa, kisha ikaomba idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza kutolewa, mradi nyongeza isizidi asilimia 10 ya kilichoidhinishwa mwaka huo. Operesheni ya ghafla hupita hapo. Ukifunga bajeti kuu na ukaiacha bajeti ya nyongeza wazi, hujafunga kitu.

#13 Kasri la Hoja

Wakuu mnaiamini sana kura ya Bunge. Tazameni Marekani, wana sheria ya 1973 ya mamlaka ya vita: Rais aarifu Bunge ndani ya saa 48, na bila idhini askari waondoke ndani ya siku 60, na 30 za kujiondoa. Karibu kila rais ameikwepa.

Mwaka 2007 Bunge lao lilipitisha mswada wa fedha wenye ratiba ya kuanza kuondoka Iraki. Bush akaukataa kwa turufu tarehe 1 Mei, na kesho yake jaribio la kumshinda likapata 222 dhidi ya 203, mbali na theluthi mbili. Mwaka 2019 kuhusu Yemeni, Seneti 54 kwa 46, Baraza la Wawakilishi 247 kwa 175, Trump akaweka turufu, na Seneti ikashindwa kumpita kwa 53 dhidi ya 45. Wapigakura waliwabana wabunge, wabunge wakafanya walichoombwa, askari na misaada ya vita ikaendelea.

#14 Karani Mstaafu

@Kasri la Hoja, takwimu zako ni sahihi lakini umeruka ile iliyofaulu. Juni 1973 Nixon alipiga turufu mswada wa kukata fedha za kushambulia Kambodia. Bunge halikuwa na theluthi mbili. Likaendelea kubandika sharti hilo kwenye miswada ya fedha ambayo serikali isingeweza kufanya kazi bila kuipata, na mwaka wa fedha ulikuwa unaisha 30 Juni. Wakakubaliana tarehe ya mwisho iwe 15 Agosti 1973, na mabomu yakakoma siku hiyo. Tofauti na 2007 ni kwamba wabunge wa 1973 hawakulegea baada ya turufu ya kwanza.

#15 Msomi wa Bara

Na msisahau nchi za mfumo wa kibunge. Hispania ilipiga kura 14 Machi 2004, Zapatero akatangaza 18 Aprili kuwaondoa askari wapatao 1,300 Iraki, na kabla ya Juni walikuwa wameondoka. Uholanzi serikali ilivunjika Februari 2010 kwa kutokubaliana juu ya kubaki Uruzgan, Afghanistani, na wakaanza kuondoka 1 Agosti. Huko chama kiliahidi na kikalipa au kulipwa kwenye sanduku la kura.

#16 Mtu wa Galari

Hata kwetu iliahidiwa! Saba Saba ya 2014 pale Uhuru Park, CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo, walitaka KDF warudi.

#17 Dira ya Kusini

Na kiongozi wa CORD, Raila Odinga, alikuwa Waziri Mkuu KDF walipovuka mpaka 2011. Ndiyo maana nasema chama hakisaidii.

#18 Mtu wa Galari

Umenikamata mkuu, lakini mtu kubadili msimamo baada ya miaka mitatu ya vita ndicho tunachowaomba viongozi wafanye.

#19 Wino Mweusi

Kila mtu anazungumza kura na bajeti, hakuna aliyetaja taarifa. Kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, ilishambuliwa na al-Shabaab 15 Januari 2016. Serikali ya Kenya haijawahi kutangaza idadi rasmi ya waliouawa. Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud alitaja karibu 200, jeshi likakanusha bila kutoa idadi yake. Mwaka mmoja baadaye, 27 Januari 2017, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Mpigakura hawezi kupima vita ambavyo gharama yake ya damu imefichwa, na familia haiwezi kudai uchunguzi kwa tukio lisilo na hesabu.

Njia ipo: Kifungu 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi linaandikwa kwa afisa wa habari wa wizara, jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Likikataliwa unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Watakataa kwa sababu ya usalama wa taifa, hilo mlitegemee. Kwa hiyo msiombe mipango, majina wala mahali pa kambi. Ombeni jumla ya vifo kwa mwaka, jumla ya fidia zilizolipwa, na tarehe ambazo ripoti ya mwaka ya Baraza la Usalama wa Taifa ilifikishwa Bungeni. Hiyo ya mwisho ni lazima kwa Kifungu 240(7), na tarehe ya kuwasilisha waraka Bungeni haiwezi kuwa siri.

#20 Mlinzi wa Pwani

@Wino Mweusi hapo tuko pamoja kabisa. Hata anayetaka wabaki anahitaji hesabu hiyo.

#21 Mpita Njia

Kwani mahakama haiwezi kuwazuia? Kesi ya polisi wetu kupelekwa Haiti si ilizuia?

#22 Bint Hansadi

Ilizuia utaratibu. Bunge lilikuwa limeidhinisha Novemba 2023. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kuwa 240(8) inahusu majeshi ya ulinzi, hivyo Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi. Polisi wana sheria yao inayotaka makubaliano na nchi inayowapokea. Serikali ikasaini makubaliano na Haiti 1 Machi 2024, na polisi 400 wa kwanza wakatua 25 Juni. Kwa KDF hoja hiyo haipo, kwa sababu wao ndio hasa 240(8) inaowataja.

#23 Mpita Njia

Basi tuwaondoe wabunge wenyewe, Kifungu 104.

#24 Karani Mstaafu

Kifungu 104 kinahusu wabunge, hakimgusi Rais. Sheria ya Uchaguzi ilitaka saini za asilimia 30 ya wapigakura waliosajiliwa, si kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi wala ndani ya miezi 12 kabla ya unaofuata, na sababu zake zilikuwa maadili, fedha na makosa ya uchaguzi. Kura mbaya kuhusu vita haikuwemo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha baadhi ya vipengele vya vifungu 45, 46 na 48 vya sheria hiyo.

Anzeni na ombi kwa Bunge, Kifungu 119. Sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge inaruhusu Kiswahili. Liandikwe kwa lugha ya heshima, lisiwe na maneno yaliyofutwa wala yaliyochomekwa, mada iandikwe juu ya kila ukurasa, liseme ni ofisi gani mmeshaijaribu na ikajibu nini, na kama jambo liko mahakamani. Majina, anwani, nambari za vitambulisho na saini. Mengi huanguka sehemu mbili: hawaonyeshi kuwa walijaribu wizara kwanza, au wanaliomba Bunge lifanye lisichoweza, kama "liamuru askari warudi". Ombeni kamati ya ulinzi imwite Waziri aeleze idhini inayotumika sasa ni ipi. Kamati ina nguvu za Mahakama Kuu za kuita mashahidi kwa Kifungu 125.

#25 Kasri la Hoja

Na Waziri asipofika, au akifika akadanganya, Kifungu 152(6): hoja ya kumwondoa iungwe mkono na robo ya wabunge, yaani 88. Theluthi moja wakikubali, kamati ya watu 11 inaundwa na ina siku 10. Mwisho ni zaidi ya nusu ya wabunge wote, 175. Ni hesabu ndogo kuliko 233 za Karani.

#26 Kifungu kwa Kifungu

Asanteni wakuu. Karani ameleta swali ambalo sikuwa nimelifikiria: idhini inayotumika sasa ni ipi? Ile ya Desemba 2011 ilikuwa ya AMISOM. AMISOM haipo. AUSSOM imeundwa na Azimio 2767 la 27 Desemba 2024, kikomo kipya cha 11,826, na Burundi imetoka kwenye orodha ya nchi zinazochangia. Hiyo ni misheni mpya.

#27 Dira ya Kusini

Serikali itasema ni mwendelezo, askari walewale, kazi ileile, nchi ileile.

#28 Bint Hansadi

Wataisema hiyo. Lakini 240(8) inasema "Bunge", na Kifungu 93 kinasema Bunge ni Bunge la Taifa na Seneti. Mwaka 2011 Seneti haikuwepo. Kifungu kwa Kifungu, weka hilo kwenye ombi lenu kama aya ya pili, mara tu baada ya kutaja wizara mliyoiandikia.

#29 Mlinzi wa Pwani

Na aya ya tatu iulize kambi zipi zimepata mpokeaji. Mkiiweka hiyo, na mimi nasaini.